Bafle ya mbao halisi katika mji wa majira mawili

Jambo yenu wote: baba na mama mliokuja, na ninyi vijana wa atelye, yaani karakana, za mitaa yetu ya Lubumbashi: Katuba, Kenya na Kamalondo. Asanteni kwa kuacha kazi asubuhi hii. Nimeombwa niseme juu ya bafle, yaani masanduku ya spika, zinazojengwa nyumbani kwa mkono, na nimechagua zile za mbao halisi kwa sababu ndizo zinazokataliwa. Ukienda kuuliza, utaambiwa bafle ya kweli ni ya MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, au ya multipleksi, ubao wa tabaka zilizogundishwa, na kwamba mbao ya mti itapasuka tu. Anayesema hivyo hadanganyi. Ameyaona masanduku yaliyopasuka. Ila mimi nataka tutazame yalipasuka kwa nini, maana chanzo chake kinajulikana, na fundi anaweza kukikwepa kabla hajashika msumeno.

Kwanza kazi ya sanduku lenyewe. Chukua spika mkononi, bila sanduku, uipigie muziki: sauti za juu utazisikia, besi hakuna. Koni, ile sehemu ya mbele inayocheza, inaposukuma hewa ya mbele, papo hapo inavuta ile ya nyuma. Sauti nzito zina mawimbi marefu. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7. Wimbi refu hivyo linauzunguka ukingo wa spika bila taabu, la nyuma linakutana na la mbele, yanafutana. Sanduku liko pale kulifungia lile la nyuma. Spika ya namna hii, ya koni na koili, ilielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani, na tangu hapo kila anayejenga bafle hujibu swali lilelile: wimbi la nyuma nilipeleke wapi?

Kazi ya pili ya sanduku ni kunyamaza. Hapa wengi hupotea, hasa waliokwisha kutengeneza magitaa, na Katanga ni nchi ya magitaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco pale Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, na gitaa lile likasikika hadi Nairobi na Afrika Kusini. Tumbo la gitaa ni ubao mwembamba kwa makusudi, milimita 2 au 3, ili utetemeke na kuikuza sauti ya nyuzi. Bafle haina ruhusa hiyo. Gitaa la Mwenda limeshaimba, mti wake umeshasema yake, na yote yamo ndani ya rekodi. Mbavu za bafle zikitetemeka nazo, zinaweka sauti ya mti wa pili juu ya ule wa kwanza, na kila wimbo utakaoupiga unapakwa rangi ileile, uwe wa gitaa, wa kwaya au wa habari za redio. Mtu akisifu bafle yake kwamba mbao inaimba, mimi husikia sanduku ambalo bado halijamalizika.

Ubao hunyamazishwa kwa unene na kwa kushikwa. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu wake wa kutopinda unaongezeka mara 8, kwa hiyo kati ya milimita 15 na 22 kuna tofauti kubwa kuliko jicho linavyofikiri. Lakini kumbukeni mbao halisi ina tabia ambayo MDF haina: kwa kufuata nyuzi zake, ile mistari ya mti, ni ngumu sana, kwa kukata nyuzi ni laini mara kumi na zaidi. Ubavu wenye nyuzi zinazosimama utapinda kwa upana wake kabla ya kupinda kwa urefu. Hapo ndipo panapohitaji kushikwa. Wahandisi wa BBC walipita njia nyingine kabisa: mbao nyembamba za tabaka, na ndani wakabandika kitu kizito chenye ulaini kinachomeza mtetemo. Bafle yao ndogo iitwayo LS3/5A ina kuta za milimita 12 tu, na hadi leo watu wanaitafuta. Basi unene si dini. La muhimu ni kwamba ukigonga ubavu kwa kifundo cha kidole, usikie mlio mfupi uliokauka, si mlio unaobaki hewani.

Sasa ukubwa. Msinunue mbao kabla ya kuijua spika. Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na baada yake Richard Small katika miaka ya 1970, walituachia hesabu ambayo kijana wa sekondari anaiweza. Karatasi ya spika inaandika Fs, ambayo ni mtetemo wake wa asili; Qts, yaani jinsi inavyojizuia yenyewe; na Vas, ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na ule wa mpira wa koni. Tuseme una spika ya inchi 5, Fs hezi 40, Qts 0.4, Vas lita 30, na unataka sanduku lililofungwa kabisa, la namna ile ambayo Edgar Villchur aliipa nguvu mwaka 1954 alipoifanya hewa ya ndani iwe springi ya koni. Spika ikishafungwa sandukuni, Q yake hupanda, na shabaha ya kawaida ni ifike 0.707. Gawa 0.707 kwa 0.4, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1: unapata karibu 2.12. Gawa lita 30 kwa hiyo, una lita 14. Besi itaanza kushuka kwenye hezi 71 hivi. Si chini sana, na sitawaahidi zaidi ya hapo kwa spika ya inchi 5 ndani ya sanduku dogo. Anayetaka chini zaidi ataongeza bomba la hewa, na hesabu yake ipo pia, lakini kwa bafle ya kwanza nawasihi mfunge. Sanduku lililofungwa linasamehe spika ambayo karatasi yake haisemi kweli tupu, na spika nyingi tunazotoa kwenye bafle zilizokufa hazina karatasi kabisa.

Lita 14 usizigeuze kuwa mchemraba. Pande zote zikilingana, mawimbi ya ndani yanajirudia mahali pamoja na kupiga kelele pamoja. Mimi hupenda upana wa ndani sentimita 15, kina 24, urefu 39. Vizidishe, utapata lita 14 na kidogo. Angalieni pia urefu huo wa sentimita 39: wimbi linalosimama kati ya sakafu na dari ya sanduku ni la hezi 440, ile noti iitwayo “la” ambayo wanakwaya hutumia kupatanisha sauti. Kila mara kwaya ikiifikia noti hiyo, sanduku litataka kujibu. Dawa yake nitaisema mbele.

Nije kwenye mbao, jambo ambalo hasa limenileta.

Tunaishi katika mji ambao kwa miezi karibu sita mvua ni haba sana. Juni na Julai baridi kavu, Oktoba joto kavu zaidi, halafu Novemba mbingu inafunguka hadi Machi au Aprili. Mbao inafuata hayo yote. Ikikaa muda mrefu kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 30, itatulia na maji ya karibu asilimia 6 ya uzito wake mkavu. Ikikaa kwenye hewa ya asilimia 80, itafika 16. Ndani ya nyumba, ikiwa na vanishi, haifiki pande zote mbili za mwisho, lakini kusogea kwa asilimia 5 kati ya Oktoba na Februari ni jambo la kutegemea. Chukua mti ambao, toka ubichi hadi kukauka kabisa, unapungua asilimia 8 ya upana. Kila asilimia moja ya maji inaondoka na karibu 0.29 ya asilimia ya upana. Asilimia 5 za maji, kwenye ubao wa sentimita 24, ni milimita 3 na nusu hivi. Milimita 3 na nusu! Hakuna gundi wala skrubu itakayoizuia nguvu hiyo. Ukiuzuia ubao usihame, utapasuka palipo dhaifu, na mara nyingi ni katikati, kwenye uso, karibu na tundu la spika.

Lakini kwa urefu, kwa kufuata nyuzi, ubao huohuo hausogei kitu cha kuhesabu. Hili likiingia moyoni, mengine yote yanajipanga. Masanduku yaliyopasuka, karibu yote, ni yale ambayo fundi aligundisha ubao unaohama juu ya ubao usiohama.

Sasa chukueni sanduku letu. Kwenye mbavu mbili, nyuzi zisimame, kutoka chini kwenda juu. Kwenye dari na sakafu, nyuzi ziende kutoka kushoto kwenda kulia. Yaani nyuzi zizunguke sanduku lote kama mkanda. Hapo kila ubao unahama upande mmoja tu, kwa kina, na mbao zote nne zinahama pamoja. Oktoba sanduku litakuwa na kina pungufu, Februari kitaongezeka, na pembe zake hazitajua. Ujazo utabadilika kwa sehemu ndogo ya lita, spika haitahisi. Pembe ziunganisheni kwa meno yanayoingiana, si kwa kugundisha kichwa cha ubao juu ya mwingine, kwa sababu kichwa cha ubao hunywa gundi na kuiacha kavu. Meno yana kuta za kando ambazo gundi nyeupe ya seremala inazipenda. Kwa msumeno mzuri na patasi iliyonolewa kazi hiyo haihitaji umeme, na umeme wetu mnaujua.

Uso wa mbele ndio unaoleta ugomvi. Dari na sakafu hazibadiliki kwa upana, kwa sababu nyuzi zao zinalala huko. Ukiweka uso wa mbao halisi wenye nyuzi zinazosimama, wenyewe unataka kupanuka kwa upana. Ukiugeuza nyuzi zilale, unataka kupanuka kwa urefu, na mbavu zinakataa. Geuza utakavyo, upande mmoja utagombana. Ushauri wangu ni wazi: uso na mgongo fanyeni kwa multipleksi ya milimita 18, ambayo haihami. Wengine wataona kwamba basi bafle si ya mbao halisi tena. Mimi naona ni bafle iliyopewa kila mbao mahali pake. Vipande vya kushikilia uso na mgongo mtavigundisha ndani ya mbavu kwa kusimama, na ndani ya dari kwa kulala, na mkitazama vizuri, vyote vinafuata nyuzi. Hakuna mahali panapovutana.

Anayeng'ang'ania uso wa mti, na ninamwelewa maana uso wa mulombwa uliopigwa randa ni kitu cha kumfanya mtu asimame mlangoni, afanye kama baba zetu walivyofanya milango ya paneli. Ubao wa katikati uelee ndani ya mfereji wa fremu bila gundi. Kwa mlango hewa ikipita si neno. Kwa bafle ni kosa. Basi ndani ya mfereji weka ukanda wa mpira, na mpira wa ndani ya tairi la baiskeli unafaa kabisa. Spika yenyewe ishikwe na kipande cha multipleksi kilicho nyuma, isibebwe na ubao unaoelea.

Mbao gani? Mulombwa, ambao Tanzania wanauita mninga, ni kati ya miti inayohama kidogo kuliko mingi duniani, na haulemei patasi. Kama ningeweza kuchagua mti wa bafle kutoka msitu wowote, ningebaki na huu wa miombo yetu. Vumbi lake ni baya kwa pua na kifua, kwa hiyo msipige msasa bila kitambaa au maski, na watoto wakae mbali. Ndugu yake, mukula, mmemwona akiondoka kwa malori. Mukula umewekwa chini ya CITES, mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2019, na mwaka 2022 huko Panama ikaamuliwa kwamba jamii yote ya Pterocarpus ya Afrika, mulombwa ukiwemo, biashara yake ya kuvuka mipaka iwe kwa kibali. Inaniuma kuona gogo lililokua kwa miaka mingi likiondoka hapa bila hata kuguswa na randa, na lile linalobaki likigeuka makala, yaani makaa ya kupikia. Jozi moja ya bafle za lita 14 haitumii hata mita mbili za mraba za ubao. Msikate mti kwa ajili yake. Tafuteni milango mizee, meza zilizovunjika, vitanda vya mababu. Mbao ya namna hiyo imepita mvua na viangazi vingi, imeshatulia. Ondoeni misumari yote kwanza, maana mmoja tu unaharibu ulimi wa randa.

Kalitusi ipo kila mahali na bei yake ni ndogo, lakini inapungua sana, inajipinda na kupasuka wakati wa kukauka. Kwa boriti, sawa. Kwa bafle siipendekezi, isipokuwa kwa mtu aliyeikausha kwa subira na kuikata vipande vyembamba.

Hata mbao nzuri msiitumie ikiwa mbichi. Ipangeni kivulini, na vijiti katikati ili hewa ipite, vichwa vimepakwa rangi au nta visikauke haraka. Fundi asiye na mashine ya kupima unyevu atumie mizani ya jikoni: akate kipande, akipime kila wiki na kuandika. Uzito ukiacha kushuka, mbao imepatana na hewa. Na ubao mpana ni afadhali kuukata vipande vya sentimita 6 au 8 na kuvigundisha tena kandokando. Ubao uliokatwa hivi unabaki bapa, na mkichagua vile ambavyo pete za mti zinasimama kwenye kichwa chake, kuhama kwake kunapungua hadi karibu nusu.

Vanishi ipakwe ndani na nje. Wengi hupaka nje tu, kwa sababu ndani hapaonekani. Ubao wa namna hiyo unapumua upande mmoja na kufungwa upande mwingine, na mvua ya kwanza inaukunja. Ndani panatosha kupakwa mara mbili, bila urembo.

Kuhusu kushika mbavu: msigundishe ubao wa kukingama kwa kina chote cha ubavu, kwa sababu tutakuwa tumerudia ugomvi uleule. Wekeni kijiti kinene kutoka ubavu hadi ubavu, kisiwe katikati kabisa, kikae kwenye kama theluthi ya urefu wa sanduku. Kinashika mahali padogo, kwa hiyo hakizuii kuhama. Vijiti viwili kwa bafle yetu vinatosha.

Ile hezi 440 sasa. Jazeni ndani sufi, au pamba ya mto, au blanketi la manyoya lililochambuliwa, hasa sehemu ya juu na nyuma ya spika. Isibanwe, iwe huru. Inameza wimbi linalosimama, na pia inaifanya spika ione sanduku kubwa kidogo kuliko lilivyo, kama asilimia 10 hivi au zaidi kidogo. Kingo za mbele zizungusheni kwa randa, maana sauti za juu hukatika vibaya kwenye pembe kali. Hapo mbao halisi inaishinda MDF iliyobandikwa ngozi ya mti: unaweza kuzungusha ukingo kadiri unavyotaka na chini yake bado ni mti uleule. Ikikwaruzwa baada ya miaka, unapiga randa tena.

Umeme nitaupitia haraka. Kwa bafle ya kwanza tumieni spika moja inayopiga sauti zote, ili msihangaike na filta za kugawa sauti. Na kwa kuwa wengi wenu mtaendesha ampli kwa betri, tazameni desibeli za spika, yaani inavyolia kwa nguvu kwa wati moja, kabla ya wati zake. Kila desibeli 3 ni sawa na nguvu mara mbili. Spika ya desibeli 91 kwa wati moja inahitaji nusu ya nguvu ya ile ya 88 kwa sauti ileile, na betri yenu itakaa mara mbili.

Likishafungwa, lijaribuni. Sukumeni koni taratibu kwa vidole viwili na kuiachia: ikirudi kwa kujivuta polepole, hewa haivuji, ikirudi mara moja, kuna tundu, na mara nyingi ni chini ya spika au waya unapotokea. Halafu chukueni simu yenye programu ya kutoa toni, mpandishe polepole kutoka hezi 30 hadi 500 huku kiganja kiko ubavuni. Pale mkono unapohisi ubavu umeamka, wekeni alama kwa penseli. Ndani ya mahali hapo bandikeni kipande cha mkeka wa lami au mpira mzito, mjaribu tena.

Jambo la mwisho ni la wale mtakaouza. Skrubu za uso na mgongo zikikazwa Oktoba, mbao ikiwa kavu, Februari zitakuwa zimeibana sana. Zikikazwa Februari, Oktoba zitalegea na hewa itavuja. Mwambieni mnunuzi tangu siku ya kwanza kwamba bei ni pamoja na kurudi kwake mara mbili mwaka wa kwanza, mvua zikishakolea na tena kiangazi kikishakomaa, ili fundi alegeze na kukaza, na kuijaribu koni kwa vidole viwili kama nilivyosema. Baada ya mwaka huo mbao inakuwa imezoea nyumba yake, na mara moja kwa mwaka inatosha.